Tumechoka na Ardhi Iliyopasuka

Nilihesabu. Maonyesho yalikuwa na kazi 22, zote za uchapaji: lino, mbao, skrini, na mbili tatu za bamba la shaba. Mada ilikuwa tabianchi. Kati ya hizo 22, tisa zilikuwa na ardhi iliyopasuka. Ile ardhi unaijua: nyufa kama gamba la kobe, mti mmoja mkavu, na fuvu la ng'ombe kwenye kona ili mtu asidhani ni ramani. Nne zilikuwa na dunia. Dunia inawaka, dunia inayeyuka kama aiskrimu, dunia imeshikwa na mkono wa mtoto, dunia imevaa barakoa. Moja ilikuwa na dubu wa barafuni. Dubu wa barafuni, Nairobi, mwezi wa mvua, na nje ya mlango wasee wa boda wamejibana chini ya kibanda cha M-Pesa wakingoja maji yapungue barabarani.

Sikuudhika mara moja. Nilipita polepole nikijaribu kuwa mtu mzuri, glasi ya juisi mkononi. Wengi waliochonga hizo picha ni rika langu, na kuchonga lino si mchezo, kidole changu cha kushoto kina kovu la kuthibitisha. Lakini kufika ardhi iliyopasuka ya sita nikaanza kujiuliza, huyu aliiona wapi? Mimi nimelelewa Nairobi na najua wengi wao pia ni wa hapa. Hiyo ardhi tumeiona kwenye simu, kwenye zile picha za mashirika yanayoomba mchango. Kilichokuwa ukutani kilikuwa picha ya picha.

Sisemi ukame ni hadithi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi, mifugo ikafa, na watu walioishi kwa mifugo wakabaki na kamba mikononi. Lakini angalia kilichofuata. Mwisho wa 2023 ikaja El Niño, na Garissa na Mandera, sehemu zilezile zilizokuwa zinalilia maji, zikawa chini ya maji. Aprili 2024 ikawa zamu ya Mai Mahiu, maji na matope yakafagia watu usiku wakiwa wamelala. Ikawa zamu ya Mathare. Huku Bonde la Ufa ziwa Baringo na Naivasha yamekuwa yakipanda miaka sasa, yamemeza nyumba, hoteli, mashamba. Mtu wa Kampi ya Samaki ukimwonyesha ardhi iliyopasuka kama picha ya shida yake atakuuliza kama umewahi kufika kwao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba, kwa maoni yangu, hakuna sanaa inayofaa kuzungumzia jambo hili kuliko uchapaji. Na tunaichezea.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe ni hivi. Unachukua kipande cha lino (ile ya sakafuni kwa asili yake, unga wa kizibo na mafuta ya kitani juu ya gunia) au ubao. Unachonga. Ulichochonga kitabaki cheupe, ulichoacha ndicho kitakachoshika wino. Unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu, unasugua kwa mgongo wa kijiko kama huna mashine, na wengi wetu hatuna. Picha inatoka kinyume na ulivyochonga, kama kioo. Halafu unarudia. Nakala ishirini, hamsini, mia mbili, zote halisi, hakuna moja ambayo ndiyo mama na nyingine watoto.

Na ukitaka rangi kadhaa kwa kipande kimoja, kuna njia inayotisha. Unachapa rangi ya kwanza kwenye nakala zako zote. Unachonga tena kipande kilekile, unachapa ya pili juu yake. Unachonga tena. Kila hatua inakula kilichokuwepo. Ukifika mwisho, kile kipande kimebaki mifupa, na hata ukilia huwezi kuchapa nakala moja zaidi ya zile ulizoanza nazo. Picasso aliifanyia kazi kule Vallauris, Ufaransa, mwisho wa miaka ya 1950, na wachapaji wanaozungumza Kiingereza wameipa jina la kujiua. Sasa niambie. Una mbinu ambayo mwili wake wenyewe unasema kuna vitu ukishaondoa havirudi, na wewe unaitumia kuchonga dubu?

Kiswahili nacho kimejaa hapa. Kuchapa ni kuweka alama, kuchapa ni kupiga, na mtaani nguo iliyochakaa tunasema imechapa. Sijaona bado msanii aliyelifanyia kazi neno hilo moja.

Kazi moja kwenye maonyesho ilinisimamisha. Ilikuwa ndogo, imetundikwa karibu na choo, na aliyeichonga bado ni mwanafunzi kwa hivyo jina lake nitamwachia mwenyewe alitangaze siku akiwa tayari. Amechonga mtungi mmoja wa plastiki, wa lita 20, ule wa njano wa mafuta ya kupikia tunaochotea maji. Mmoja tu. Akapaka wino mara moja, akachapa, akasogeza, akachapa tena bila kuongeza wino, akasogeza, akachapa. Foleni ya mitungi 14 kwenye karatasi ndefu. Wa kwanza ni mweusi tii. Wa tano unaanza kuona punje za karatasi. Wa kumi ni kivuli. Wa mwisho, ukisimama mbali, huuoni, ila ukikaribia kuna mkandamizo tu, karatasi imebonyea mahali mtungi ulipokuwa.

Nilisimama pale muda mrefu hadi mlinzi akanikoholea. Hakuna nyufa, hakuna mti, hakuna mtu analia. Lakini kama umewahi kupanga foleni ya maji mtaani siku ambayo mfereji unatoka mara moja kwa wiki, unajua mtungi wako uko nambari gani kwenye hiyo karatasi. Unajua pia ile hesabu ya kimya ambayo kila mtu hufanya, akihesabu mitungi iliyo mbele na kuangalia nguvu ya maji. Ile picha haielezi ukosefu wa maji. Wino wake wenyewe unaisha mbele yako. Kila mahali kwingine kwenye ukumbi ule mbinu ilikuwa gari la kubebea ujumbe uliokwisha pakiwa kwingine. Hapa ukiondoa mbinu, ujumbe hakuna.

Najua mtu atasema nataka kila msanii awe mjanja. Hapana. Nataka awe amekaa na kitu. Tuchukue ile picha ya uchapaji ambayo hata asiyejua sanaa anaijua, wimbi la Hokusai, Japani, mwaka 1831 hivi. Siku hizi limekuwa kibandiko cha kila mkutano wa hali ya hewa, wanabadilisha povu kuwa plastiki na kazi imeisha. Lakini itazame tena vizuri. Watu wengi wakiulizwa wataje kilichomo watasema wimbi, pengine na mlima ule mdogo nyuma. Wanasahau mashua. Kuna mashua tatu, na ndani yake kuna wapiga makasia wameinama, wameshikamana, vichwa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Hao ni watu wako kazini. Hokusai hakuchora bahari imekasirika, alichora bahari inakutana na siku ya kazi. Ukiwatoa wale watu, kama wanavyofanya wenye vibandiko, unabaki na urembo wa samawati. Na jambo lingine: hizo hazikuwa picha za kasri. Zilichapwa kwa wingi, zikauzwa bei nafuu kwa watu wa mjini, wakabandika nyumbani hadi zikachanika.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko karibu kidogo. Bruce Onobrakpeya, alizaliwa 1932 Agbarha-Otor, kwenye Delta ya Niger, mmoja wa wale vijana wa Zaria waliokataa kufundishwa sanaa kama vile Afrika haikuwa na yake. Uchapaji aliupata kwenye warsha za Ibadan na Osogbo miaka ya 1960. Mwaka 1967 ajali ya asidi ikamharibia bamba lake, na badala ya kulitupa akahangaika kulitengeneza, na kutoka kwenye kule kuhangaika akapata njia ya kuchimba bamba kwa kina hadi karatasi ikitoka ina mabonde na vilima, unaweza kuisoma kwa vidole. Akaipa jina lake mwenyewe, plastografu.

Kati ya 1984 na 1988 alifanya mfululizo juu ya Sahel, juu ya jangwa linalosogea na mazingira yanayoharibiwa. Angalia hiyo miaka. Neno tabianchi halikuwa mdomoni mwa mtu huku kwetu. Na alichoenda nacho kule si mti mkavu. Ni vinyago. Mfululizo unaitwa kwa jina la vinyago vya Sahel, yaani alichukua kitu ambacho kwao hutoka siku maalum, kinacheza katikati ya watu, kina nguvu na kinaogopwa, akakiweka mahali ambapo ardhi inakufa. Kwangu mimi hiyo inabadilisha swali zima. Ardhi iliyopasuka inakuambia: ona maskini hawa. Kinyago kinakuambia kuna mkataba kati ya watu na mahali, na kuna mtu ameuvunja. Moja inaomba mchango. Nyingine inadai maelezo.

Sitajifanya nazielewa zote. Niliacha chuo mwaka wa pili, na sanaa sikuwa naisomea hata huko, kwa hivyo nilichonacho ni macho na vitabu vya kuazima. Onobrakpeya amejaza kazi zake alama, hata akabuni mfumo wake wa maandishi anaouita Ibiebe, na mtu wa Umoinner akisimama mbele yake bila wa kumfafanulia anaweza kuondoka na kizunguzungu tu. Hilo ni tatizo la kweli. Sanaa inayodai maelezo lazima mdaiwa aielewe. Hata hivyo naona afadhali kizunguzungu hicho kuliko ile raha ya kutazama fuvu la ng'ombe, ukatikisa kichwa, ukaenda kutafuta sambusa.

Tena wino peke yake si lazima ubebe mzigo wote. Maneno yapo. John Muafangejo, mchapaji aliyelelewa mpakani mwa Angola na Namibia na kusomea Rorke's Drift kule Afrika Kusini, alichonga sentensi ndani ya lino zake, herufi kwa herufi, kinyume, hadi maneno yakawa sehemu ya picha kama miguu ya watu. Sisi tunashangaa nini? Tuna kanga. Kanga ni uchapaji. Ina pindo, ina mji, ina jina, na karne nzima na zaidi wanawake wa pwani wamekuwa wakisemezana, wakitukanana na kuombana radhi kwa kitambaa kilichochapwa, bila kuitisha ufunguzi rasmi. Jina la kanga linamlenga mtu fulani, jirani au mke mwenza au mume, na anayelengwa hujua. Kwenye yale maonyesho sikuona kazi hata moja iliyomlenga mtu. Kila kitu kilielekezwa kwa "binadamu". Binadamu ameharibu, binadamu aamke. Huyo binadamu anaishi mtaa gani?

Ngoja nitoe mfano wa picha ambayo ningelipa nauli kuiona. Miaka ya 1980 mathenge uliletwa Baringo ili kuzuia jangwa. Nia njema kabisa. Ule mti ukazuia jangwa na ukazuia kila kitu kingine pia, ukafunga malisho na njia, na mbuzi wakila maganda yake matamu meno yanaoza na kung'oka. Katikati ya miaka ya 2000 jamii ya Ilchamus wakaenda mahakamani kuishtaki serikali, na wakamleta mbuzi. Mbuzi kibogoyo, hadi Nairobi, awe ushahidi. Hiyo ni hadithi yetu, ina mashtaka, ina kichekesho, ina mtu anayedaiwa, na inasema kuhusu suluhisho za mazingira jambo ambalo ardhi 100 zilizopasuka haziwezi kusema. Peterson Kamwathi, miaka ile ya mvutano wa katiba, alichonga mafahali kwenye mbao na kila aliyewaona alijua hazungumzii nyama choma. Fahali mmoja alibeba siasa ya nchi nzima. Mbuzi wa Baringo amekaa miaka yote hiyo akingoja mtu mwenye patasi.

Kuna suala la pesa, na nitalipitia haraka kwa sababu linanitia aibu pande zote. Picha moja ya mafuriko siku ile ilikuwa shilingi 45,000, nakala tano tu duniani. Uchapaji, sanaa ya kurudia, imefungwa breki kwenye nambari tano ili bei ipande. Naelewa. Wino unaagizwa nje, karatasi nzuri inaagizwa nje, msanii analipa kodi ya nyumba kama mimi. Afrika Kusini Kim Berman, mmoja wa waanzilishi wa Artist Proof Studio mwaka 1991, alisaidia kuanzisha Phumani Paper, ambako watu wanatengeneza karatasi kwa mimea vamizi na mabaki ya mashamba. Kisumu watu wameshatengeneza karatasi kwa gugumaji la ziwani. Kwa hivyo njia zipo. Lakini hata kwa karatasi ya bei, mtu anaweza kuchapa tano za ukutani na mia mbili za karatasi ya kawaida, za kibanda cha mboga, za mlango wa kinyozi, za nyuma ya kiti cha matatu. Sijaona anayefanya hivyo kwa mada hii, na mafuriko hayo yenyewe yalimkuta huyo mama mboga kabla ya kufika galeri.

Najua hivyo kwa sababu ya shangazi yangu. Aliishi Mathare, hatua chache kutoka mtoni, hadi Aprili 2024. Maji yaliingia usiku wa manane. Aliwatoa watoto kwanza, akarudi, akatoka na vyeti vyao vya shule ndani ya karatasi ya plastiki na mto wa kulalia. Hadi leo hajui kwa nini alichukua mto. Televisheni ilibaki, sufuria zikabaki, akatoka ameshika mto juu ya kichwa, maji kifuani. Mwezi uliofuata wale wa kandokando ya mto wakaamriwa kuhama na nyumba nyingi zikabomolewa, kwa hivyo hata angetaka kurudi hapakuwa na pa kurudi.

Baada ya yale maonyesho nilirudi kejani nikiwa na hasira ya mkosoaji, ile ya mtu ambaye hajatengeneza kitu. Nikanunua kipande cha lino. Nilikuwa nimeshika patasi mara mbili tu maishani, kwenye warsha ya bure. Nikamchonga shangazi, maji, mto kichwani, na chini nikachonga neno moja kwa herufi kubwa: MTO. Nilijiona nimemaliza kazi. Mto uliomfukuza na mto alioubeba, neno moja, Kiswahili kimenifanyia nusu ya sanaa.

Nikachapa. Ikatoka OTM.

Kosa la kwanza kabisa wanalokuonya. Na uchungu wake ni kwamba herufi zote tatu ziko sawa kwenye kioo, M ni M, T ni T, O ni O, kwa hivyo nilipokuwa nachonga hakuna iliyoonekana geni ya kunishtua. Wote walikuwa wazima, ila wamepanga foleni vibaya. Nilichapa nakala sita za OTM nikijiambia labda ni nzuri hivyo, halafu nikachonga kipande kingine na kukirekebisha. Ya pili ilitoka safi, MTO, mistari mikali, wino umejaa.

Niliweka zote mbili mezani na kuzitazama kama ambavyo ningetazama za mtu mwingine, na kwa haki lazima niseme: maji yangu ni mabovu. Nimechonga mistari ya mawimbi kama ya katuni, nimeyaazima kwa Hokusai bila kujua. Maji ya Mathare usiku ule hayakuwa na mawimbi. Shangazi anasema yalikuwa mazito na yananuka, yanapanda tu kimya. Hilo ningelijua kama ningemuuliza kabla ya kuchonga. Nilimuuliza baada. Kwa hivyo mimi pia nina ardhi yangu iliyopasuka, ila yangu ni maji.

Jumapili nilimpelekea Huruma anakokaa sasa. Nilimwambia, "Shangazi, chagua moja." Alizishika zote mbili, akazisogeza dirishani, akacheka kuona mto, akaita watoto waone. Akachagua OTM. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo iliyokosewa, neno liko kinyume, achukue ile nyingine. Akasema ameona, yeye si mjinga, lakini kwenye ile nyingine nimejaza wino usoni na yeye si mweusi hivyo.